Barua ya wazi kwa wahariri wa Marvel na DC: Ororo kwao ni wapi?

Moshi, Kilimanjaro
Tanzania

Kwa Wahariri Wakuu,
Marvel Comics, New York,
na DC Comics, Burbank, California,
Marekani.

YAH: ANUANI ZA MASHUJAA WENU WANAOTOKA KWETU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kutoka Moshi, mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro, ninakofundisha watoto kuchora kila Jumamosi. Jengo hatuna. Tuna baraza la nyumba ya jirani, madaftari na penseli. Zamani walikuwa wakichora mabasi na wachezaji wa Simba na Yanga. Tangu filamu ya Black Panther ya 2018 wanachora mashujaa, na vitabu vyenu vya katuni nawanunulia kimoja kimoja kwenye meza za mitumba, aghalabu bila jalada.

Siku moja binti wa darasa la tano alikuwa akimchora Storm, jina lake halisi Ororo, yule wa kikosi cha X-Men cha Marvel mwenye nywele nyeupe. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu Ororo kwao ni wapi?" Nikamjibu Kenya. "Kenya wapi?" Hapo nikanyamaza. Msidhani ni swali la kitoto. Kwetu Kenya si picha ya machweo na mbuyu. Ni Holili: unapita mpakani, uko Taveta, na shangazi yake yule binti huvuka kila gulio na magunia yake ya vitunguu. Mtu akisema anatoka Kenya ataulizwa Kenya wapi, na akishajibu ataulizwa kwa nani. Anayeshindwa maswali hayo mawili hata chumba cha kupanga hapati.

Kabla ya kusema hadharani nilipita mlango wa uani. Nilimwandikia msambazaji mmoja wa vitabu, jina lake nalihifadhi, mara mbili. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili akajibu kwamba yeye hupokea maboksi na kuyauza, yaliyomo hayamhusu, kama nina neno niwaambie wenye katuni. Basi nawaambia wenye katuni. Na kwa kuwa watoto wanaosoma mambo haya ni wengi kuliko kumi na wanne wa barazani kwangu, nawaambia mbele ya watu.

1. Kuhusu Ororo Munroe

Giant-Size X-Men namba 1, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum, ina tarehe ya Mei 1975. Kikosi kipya kilikusanywa kutoka pande zote za dunia, na sifa ya jambo hilo siipunguzi, kwa maana X-Men wa mwanzo walikuwa vijana watano weupe wa Marekani. Lakini hebu tuite majina, kama mwalimu wa zamu asubuhi. Sean Cassidy: Mwairishi, mwenye ngome ya ukoo wake. Piotr Rasputin: shamba la ushirika karibu na Ziwa Baikal, Siberia. John Proudstar: Mwapache wa Arizona. Shiro Yoshida: Mjapani ambaye mama yake alipatwa na mionzi ya bomu la Hiroshima. Ororo: Kenya.

Kenya, basi. Uwanda, umati unaoomba mvua, na msichana aliyeamini kwamba yeye ni mungu. Profesa X, kiongozi wa X-Men, anafika, anamwambia wewe si mungu, anaondoka naye. Umati unabaki pale pale na ukame wake, na kitabu hakigeuki nyuma kuutazama.

Sisemi wenzake walitendewa haki. Mwairishi wa watu kabandikwa jina la Banshee, ambalo kwao ni pepo la kike linaloomboleza. Mjapani kavishwa jua la bendera. Mrusi katolewa shambani kama mtu wa kwenye bango. Mwapache ndiye aliyepunjika kuliko wote: aliuawa mwaka ule ule, hatujajua hata anapenda kula nini. Wenye mambo yao watawaandikia barua zao. Mimi naona kitu kimoja tu, kwamba wenzake walidhihakiwa wakiwa na mahali pa kurudi.

Baadaye mwandishi Chris Claremont alimpa Ororo wazazi. Baba mpiga picha wa Kimarekani, mama binti mfalme wa Kenya aitwaye N'Daré. Binti akazaliwa New York, akakulia Kairo, na wazazi wakafa nyumba yao ilipoangukiwa na ndege ya kivita wakati wa vita vya Suez, 1956. Angalieni sasa. New York ina mtaa, Harlem. Kairo ina mwaka, vita na kifusi. Kisha binti anatembea kuelekea kusini mpaka Serengeti, na kuanzia hapo kila kitu ni nyasi. Hiyo Serengeti, kwa taarifa yenu, hifadhi yake iko Tanzania. Ng'ambo ya mpaka nyasi zile zile huitwa Maasai Mara. Nyumbu anaruhusiwa kutoujua mpaka. Mwandishi haruhusiwi.

Na huyo binti mfalme, baba yake alitawala wapi? Wakikuyu hawakuwa na mfalme. Wakamba na Wamaasai vile vile. Walikuwa na wazee na marika. Lakini Wawanga walikuwa naye, Nabongo Mumia, aliyefariki 1949, na jina lake limebaki kwenye mji wa Mumias. Mngemuuliza Mkenya yeyote aliyesoma chuo Marekani miaka ile, na mamia walikwenda huko kuanzia 1959 kwa ndege alizoandaa Tom Mboya. Angewaambia: mkitaka binti mfalme, mtoeni Mumias.

Mkitaka mvua pia, hamkuwa na haja ya kwenda mbali. Kutoka Mumias, safari isiyo ndefu, mnafika Bunyore kwenye ukoo wa Nganyi, unaojulikana vizazi na vizazi kwa kutabiri mvua. Wanasoma miti inavyopukutisha majani, ndege, wadudu, mwelekeo wa upepo. Idara ya hali ya hewa ya Kenya imekaa nao meza moja, wakalinganisha utabiri wao na wa mitambo, wakautangaza kwa wakulima pamoja. Hapo pana hadithi! Msichana wa ukoo ule akibishana na mtu wa setilaiti, kila mmoja ana hoja, na mahindi yanasubiri. Mimi ningeinunua hata ikiwa na jalada.

Jambo dogo, mradi tuko kwenye jina. Kwa Kiswahili -ororo ni laini: mkate mwororo, ngozi nyororo. Watoto walipogundua kwamba mwenye radi anaitwa Laini walicheka mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini. Kama ilitokea kwa bahati, ni bahati nzuri, itumieni.

2. Kuhusu B'wana Beast

Hili ndilo linalonikera hasa, mniwie radhi nikikaa hapa kidogo.

Katika Showcase namba 66, yenye tarehe ya Januari na Februari 1967, DC iliwaletea wasomaji Mike Maxwell, mzungu, mlinzi wa wanyamapori. Ndege yake ilianguka, akajikuta juu ya Kilimanjaro, akanywa maji ya pangoni, akapata na kofia ya ajabu. Tangu hapo aliweza kuwaamrisha wanyama na hata kuunganisha wawili wakawa mmoja. Mkamwita B'wana Beast. Bwana Mnyama, tena kwa lugha yetu wenyewe.

Mlima huo nauona nikifungua dirisha, mawingu yakikubali. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipeleka Mwenge na bendera kwenye kilele chake, mita 5,895, na kilele kilichokuwa na jina la mfalme wa Wajerumani kikawa Uhuru. Mtoto wa shule hapa anaijua habari hiyo kabla hajajua kugawanya. Miaka mitano baadaye kalamu zenu zikampandisha mzungu mlima ule ule, akateremka akiwa bwana wa kila chenye miguu minne.

Na neno lenyewe mlilochagua! Februari 5, 1967, ndani ya tarehe za jalada lile, lilitangazwa Azimio la Arusha, lililopitishwa mwendo wa kilomita themanini kutoka hapa nilipo. Hizo zilikuwa siku za nchi nzima kujifunza kuitana ndugu. Wazee wangu walikuwa wanaondoa "bwana" midomoni mwao kwa makusudi, ninyi mnaliandika kwa herufi kubwa.

Nitasema na la haki. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kitabu chenu cha Animal Man, mwandishi Grant Morrison alimfanya Maxwell aiachie kofia ile, ikaenda kwa Dominic Mndawe, mwanaharakati mweusi aliyekuwa akipambana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, na jina likawa Freedom Beast. Nilipoisoma nilifurahi, halafu nikaanza kuhesabu. Nguvu zilipatikana Kilimanjaro, zikakaa kwa Mmarekani zaidi ya miaka ishirini, kisha zikarithiwa na mtu wa Afrika Kusini. Hata siku ya kutubu, mlima haukupita kwa wenyeji kusema hodi.

3. Kuhusu ritifaa

T'Challa. M'Baku. N'Daré. B'wana. Kwetu alama hiyo ina kazi: ndiyo inayotenganisha sauti ya ng'ombe na ya ngoma. Lupita Nyong'o, aliyeigiza katika filamu ya 2018, anayo kwenye jina lake kwa sababu sauti ile imo. Kwenye bwana haimo. Hapo imekuwa pambo tu, kama mkufu wa meno ya simba kwenye duka la watalii.

4. Kuhusu wanyama na ukungu

DC ilianza kukionesha kikosi chake cha mataifa, Global Guardians, mwaka 1977. Denmark imetoa nguva, Ugiriki imetoa Olympian, Ireland imetoa Jack O'Lantern. Wote wametoka kwenye kadi za posta, sikatai. Afrika tulipewa Doctor Mist, mfalme wa kale ambaye hata jina lake ni ukungu, na Impala, Mzulu mwenye mbio za swala pala. Septemba 1977 Steve Biko alikufa mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini. Impala, raia wa nchi hiyo hiyo, alikuwa anakimbia.

Ongezeni Vixen wa 1981, ambaye nchi yake ni Zambesi, yaani mto uliopandishwa cheo ukawa taifa, na nguvu zake ni za wanyama. Ongezeni mji wa magorila wa Grodd, uliowekwa Afrika tangu 1959. Ongezeni M'Baku, ambaye Marvel ilimleta 1969 ndani ya ngozi ya gorila mweupe, akaitwa Man-Ape, mtu-nyani, na mtambo wa kuchapa ukaendelea kunguruma. Na T'Challa mwenyewe, ndiye Black Panther, wa 1966, mfalme, mwanasayansi, chui. Mwaka 2006 mkamwozesha Storm, ni kama bara zima lilikuwa na kijana mmoja na binti mmoja. Ndoa ikavunjika 2012. Watoto wangu walihuzunika. Mimi niliona shughuli ile haikuwa na mshenga.

Sasa, najua mtakayosema.

Mtasema Batman naye ni popo, na Wolverine ni mnyama wa Canada. Kweli kabisa. Lakini Canada, ukimtoa huyo mnyama, ilipewa 1979 kikosi kizima, Alpha Flight: jani la bendera kifuani, idara ya serikali, pacha wa Montreal na Kifaransa chao. John Byrne, aliyekichora, alikulia Canada. Hakuwa na haja ya kubahatisha.

Mtasema ni mambo ya kubuni, Wakanda, nchi ya Black Panther, haipo. Wakanda siigombi. Filamu ya 2018 ilimwacha M'Baku awe M'Baku bila lile jina la nyani, na waigizaji wakasema Kixhosa cha kweli. Nilipiga makofi ukumbini. Ila nchi imewekwa upande huu wetu wa Afrika na lugha imetoka kusini kabisa. Ni kama kwenda Norway ukakuta wavuvi wote wanasema Kireno. Nanyi mnapotaka, mnajua sana kutobuni: Peter Parker kalelewa Forest Hills, Queens, mtaa ambao mtu anashuka kwenye treni akauona.

Mtasema zamani zile watu hawakuwa na habari zetu. Jim Ryun, mkimbiaji wa Marekani, alikuwa nazo. Kipchoge Keino wa Kenya alimshinda katika mita 1,500 za Olimpiki ya Mexico, 1968. Halafu Mei 17, 1975, mwezi ule ule wa jalada la Ororo, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia maili moja kule Kingston, Jamaika, kwa dakika 3 na sekunde 51.0, akachukua rekodi ya dunia ya huyo huyo Ryun. Mwandishi aliyetaka kujua Mwafrika Mashariki anatoka wapi angeanzia ukurasa wa michezo.

Na mtasema watoto wa Moshi si wateja, vitabu vyao ni vya mitumba na senti haiwafikii. Hilo sina jibu lake. Ni kweli.

Msije mkadhani sisi tumepona ugonjwa huu. Niliwapa watoto kazi: choreni kikosi cha Afrika Mashariki. Mkenya akatoka anakimbia na mkoba wa hela. Mkongo akapigwa suti ya rangi tatu na viatu vya kung'aa. Mtanzania, na hapa walicheka wenyewe, amekaa kivulini anawaambia maadui warudi kesho. Nilitaka kuwakemea, nikaacha, maana ugomvi ulikuwa umeshaanza: huyu Mkenya ni wa Eldoret au wa Mombasa? Wa Mombasa hawezi kukimbia hivi na jua lile. Mpe kanzu. Hapana, kijana wa Mombasa siku hizi havai kanzu isipokuwa Ijumaa. Wakafuta, wakachora upya, karatasi ikatoboka. Hiyo kazi ya kufuta ndiyo ninayoiomba kwenu, nanyi karatasi mnayo ya kutosha.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba yafuatayo:

(a) Ororo apewe kwao. Mji wa mama yake, lugha aliyobembelezewa, jina la babu. Mkichagua Mumias nitafurahi. Mkichagua Lamu au Machakos sitalalamika, mradi mmeuliza.

(b) Showcase namba 66 mkiichapa tena, msiifute wala msiifiche. Wekeni mbele yake ukurasa mmoja wenye picha ya kilele na tarehe ya Desemba 9, 1961. Na siku mtakapohitaji tena shujaa wa mlima huu, kwenye miteremko yake kuna Wachaga wanaolima kahawa na migomba, na chini yake kuna vijana wanaobeba mizigo ya watalii mpaka Uhuru kwa ujira. Mmoja wao anatosha.

(c) Kila panapotokea neno la Kiswahili, au jina linalojifanya la Kiswahili, lipitiwe na mtu anayekiongea, alipwe, na jina lake liandikwe pale yanapoandikwa majina ya watunzi.

(d) Tafuteni wachoraji wa huku. Wapo. Tumekua na jarida la katuni la Sani na akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, watu ambao ukisoma unajua mpaka baa wanayokunywa. Yupo James Gayo na Kingo wake. Yupo Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye Nairobi nzima inamjua kwa mkono wake. Katuni ya Shujaaz ya Nairobi inazungumza Sheng tangu 2010. Na Mzambia Malenga Mulendema ameonesha katika katuni za Supa Team 4, mwaka 2023, wasichana wanne wakiokoa dunia kutoka Lusaka. Ni Lusaka kwa jina lake, haikuhitaji kufichwa ndani ya ufalme wa kubuni.

Jibu likija, lije kwa Kiingereza, nitawasomea watoto kwa Kiswahili. Yule binti bado hajaimaliza picha yake. Ororo kamaliza, radi kamaliza, na nywele amezipata vizuri sana. Nyuma yake ameacha peupe. Anasema hawezi kuchora nyumba wala miti kabla hajajua ni ya wapi, nami nimemwambia nimeshaandika barua.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa kuchora,
Moshi.